Damu ipi ya mbwa inafaa kwa bobkati wa ardhi kavu

Swali lako nalifupisha kwanza ili na wengine wafuate. Ulikuwa Idaho, una mbwa watatu wa Treeing Walker, yaani mbwa wa kunusa wanaofukuza mnyama mpaka apande mti, ambao kwenye theluji walikuwa wanapandisha bobkati (paka mwitu wa Amerika mwenye mkia mfupi) mtini vizuri tu, ukahamia kusini mwa Arizona, na sasa mbwa wale wale wanaokota harufu, wanabweka dakika chache, afu kimya, unawakuta wamerudi kwenye gari. Umeona matangazo ya watoto wa Bluetick wa ukoo wa zamani, ya Plott (nao wote ni mbwa wa kunusa), na ya Walker waliochanganywa na mbwa wa kukimbiza mbweha, unauliza damu ipi ndo itakutoa hapo ulipo.

Kaka, jibu langu nakupa moja kwa moja alafu nieleze. Usinunue aina ya mbwa, usinunue jina la ukoo, nunua tabia moja: mbwa anafanya nini pale harufu inapokatika. Bobkati hakamatwi na mbwa mwenye pua kali kuliko wote wala mwenye mbio kuliko wote, anakamatwa na mbwa anayeunganisha haraka njia iliyokatika, yaani harufu ya alikopita mnyama, na tabia hiyo inarithiwa kweli kweli, utaikuta kwa mama, kwa mwana, kwa mjukuu, ila cheti cha ukoo hakiiandiki popote.

Tuanze na mbwa zako maana unawaonea. Kule Idaho theluji ilikuwa inafanya nusu ya kazi yao. Unaendesha gari alfajiri kwenye barabara ya msituni, unaziona nyayo kwa macho, unajua zimekanyagwa usiku uleule, unajua paka kaelekea wapi, ndo unafungulia mbwa. Hawakutakiwa kutafuta mwanzo, hawakutakiwa kujua upande, na harufu ikikatika wewe mwenyewe unatembea mbele, unaona alikopita, unawaita. Juu ya hapo theluji ina unyevu na ubaridi kwa hiyo harufu inakaa. Sasa umewaleta kwenye changarawe na miamba, hewa kavu, jua likishatoka harufu inaondoka haraka sana, na mnyama mwenyewe anatembea kwa miguu laini, haachi harufu nzito kama ya dubu au rakuni (mnyama mdogo wa usiku wa Amerika), anapita juu ya mawe, anaruka kutoka jiwe hadi jiwe. Yaani umewapa kazi tatu mbwa waliozoea moja. Hiyo haimaanishi damu yao mbovu, inamaanisha hujui bado damu yao ikoje, kwa sababu theluji ilikuwa inakuficha hilo.

Sasa tuje kwenye koo. Watu wanabishana Walker na Bluetick kama vile ni mbwa wasiojuana, wakati zamani wote hao waliandikishwa kwenye kitabu kimoja. United Kennel Club, kile chama cha Michigan kilichoanzishwa 1898, kiliwasajili kwa jina la English kuanzia 1905, halafu Walker wakatengwa kuwa aina yao 1945 na Bluetick wakafuata 1946. Na sababu ya watu wa Bluetick kujitenga ni huu huu ubishi wako: mtindo ulikuwa unaelekea kwenye mbwa wepesi, wa mbio, wa harufu mbichi, wao hawakutaka, walitaka kubaki na mbwa mkubwa, wa taratibu kidogo, mwenye pua ya kuokota harufu iliyolala na asiyeiachia. Ndo maana mpaka leo tangazo la Bluetick likisema ukoo wa zamani linakuuzia hiyo hadithi. Hadithi ni ya kweli, tatizo ni kwamba imepita miaka 80 hivi, na katikati hapo kuna wafugaji waliochagua mashindano, wapo waliochagua dubu, wapo waliochagua puma (paka mkubwa wa Amerika), na wengine wamechagua rangi nzuri tu.

Mashindano hayo yaelewe vizuri maana ndo yaliyoandika sehemu kubwa ya makaratasi unayoonyeshwa. Kwenye mashindano ya usiku ya rakuni mbwa wa kwanza kubweka kwenye njia anapata pointi 100, wa pili 75, wa kwanza kutangaza mti, yaani kubweka chini ya mti alikopanda mnyama, anapata 125, na muda wenyewe ni mfupi, saa moja mpaka mbili. Ukizalisha vizazi kwa vizazi ukimchagua bingwa wa mchezo huo unapata mbwa anayefungua mdomo haraka, anayekimbilia harufu mbichi, anayeng'ang'ania mti kwa nguvu zote, na akikuta njia ya zamani anaiacha akatafute nyingine, kwa sababu kwenye mchezo kufanya hivyo ndo akili. Mbwa mzuri sana huyo kwa kazi yake. Ila kwenye ardhi kavu hakuna njia nyingine ya kwenda kutafuta, bobkati aliyepita saa tisa usiku ndo huyohuyo mmoja ulienaye asubuhi hiyo. Kwa hiyo ukiona cheti kimejaa ubingwa wa usiku kizazi baada ya kizazi, usikidharau, ila jua kinajibu swali ambalo wewe hujauliza.

Na hesabu ya damu wengi hawaifanyi. Mtoto anachukua nusu kwa baba nusu kwa mama, babu anampa robo, na kila ukirudi kizazi kimoja unagawa kwa mbili tena, kwa hiyo lile dume maarufu lililokaa kizazi cha tano kwenye cheti limechangia wastani wa sehemu 1 ya 32, asilimia 3 na kidogo. Kwa asilimia 3 unalipishwa bei ya jina zima. Isipokuwa kama jina hilo limejirudia mara nne, tano kwenye cheti kilekile, hapo ndo kuna ukoo wa kweli, mfugaji amekuwa akirudisha damu ileile ndani. Hapo napo uliza amerudisha kwa karibu kiasi gani, manake mtoto wa kaka na dada wa baba mmoja mama mbalimbali anabeba asilimia 12.5 ya udugu, wa baba na binti asilimia 25, na huko juu ndo unaanza kuona matumbo madogo ya watoto, mbwa wasio na stamina, meno na korodani zenye kasoro. Ukoo uliobanwa vizuri unakupa watoto wanaofanana kazi, ukibanwa kupita kiasi unakupa watoto dhaifu wanaofanana.

Kuna jambo moja kubwa kuliko yote hayo kwa mtu aliyeko Arizona, na sioni watu wakilisema. Hapo ukisikia mbwa wa paka, mara nyingi ni mbwa wa puma. Sifa yote ya uwindaji wa ardhi kavu wa kusini magharibi ilijengwa juu ya puma, kuanzia Ben Lilly, mwindaji maarufu wa zamani aliyewafuata milimani New Mexico na Arizona, mpaka wawindaji ndugu wa familia ya Lee wa Arizona, na mbwa waliochaguliwa kwa kazi hiyo walichaguliwa kwa harufu nzee na uvumilivu. Puma ni mnyama wa kilo 50, 60 na kuendelea akiwa dume, anatembea masafa marefu kwa usiku mmoja, anaacha harufu zaidi, kwa hiyo kazi ngumu iko mwanzoni, kuburuza njia ya jana kilomita kwa kilomita mpaka mfike alipolala. Akishaamshwa hana pumzi ya kukimbia sana, anapanda mti au mwamba mapema. Bobkati ni kinyume. Ana kilo 10 hivi, harufu yake ndogo, mzunguko wake mdogo, unaweza kufika alipolala mapema tu, na hapo ndo kazi inaanza, maana akishaamka anaweza kuzungukazunguka kwenye kichaka kimoja masaa, anarudi kwenye nyayo zake mwenyewe, anapita juu ya gogo, anaruka pembeni analala chini mbwa wanampita, na mara nyingi hapandi mti kabisa, anaingia kwenye mawe. Mbwa wa puma wa taratibu, anayeweka pua kwenye kila unyayo, akishaamsha bobkati anaachwa nyuma, kila saa inayopita paka anazidi kumtangulia na harufu inazidi kupoa, na mwisho unakuwa na mbwa mwenye pua nzuri ajabu anayefuatilia bobkati kutwa nzima bila kumuona. Kwa hiyo mfugaji akikuambia mbwa wake ni wa paka, swali la kwanza ni paka yupi.

Haya, koo ulizotaja. Bluetick wa ukoo wa zamani, pua ipo, sauti nzuri ya kuvuta unayoisikia bonde la pili, haachi njia hovyo. Wasiwasi wangu ni mwili. Dume la Bluetick linafika kilo 36 na kuna familia zinazopita hapo, na mbwa mzito mwenye mifupa mikubwa kwenye miamba na joto la huko kwako anachoka na miguu inapasuka. Kama utakwenda upande huo tafuta familia ya majike mepesi, kilo 22 mpaka 27, nyayo zilizobana kama za paka, na uzigeuze uzione kwa macho yako, ngozi ya chini iwe nene na vidole visitawanyike. Mguu kwenye ardhi kavu ni jambo la damu kama ilivyo pua, kuna koo nzima ambazo zikikimbia siku mbili kwenye mawe siku ya tatu hazisimami.

Plott walitoka kwenye mbwa wa Kijerumani ambao familia ya Plott ilikuja nao North Carolina karne ya 18, wakafugwa kwa dubu na nguruwe mwitu, na jimbo hilo liliwafanya mbwa wao rasmi 1989. Ujasiri wao hauna mjadala na ndo unaonitia shaka kwa kazi yako. Bobkati aliyekwama chini kwenye mawe hahitaji mbwa wa kumrukia, anahitaji mbwa wa kusimama na kubweka mpaka ufike, na mbwa mkali kupita kiasi atakurudisha kwa daktari wa mifugo macho yamechanwa. Zipo familia za Plott zilizochaguliwa kwa paka vizazi vingi, nyepesi, za pua nzuri, na nimeziona zikifanya kazi ya kupendeza kabisa, ila huyo ni Plott wa familia hiyo, sio kila Plott. Mama wa hao watoto ulioonyeshwa anafanyia kazi nini? Kama jibu ni dubu, pita.

Hao Walker waliochanganywa na mbwa wa mbweha ndo walionivutia kwenye orodha yako. Mbwa wa mbweha wa kusini, Running Walker, July wa Georgia, Trigg aliyeanzishwa Kentucky na Haiden Trigg baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, hao walichaguliwa kwa kitu kimoja, kukimbiza mnyama mjanja anayekata kona usiku kucha bila kumpoteza. Mbweha naye anarudi kwenye nyayo zake, anapita juu ya uzio, anajichanganya na mifugo, kwa hiyo ile tabia ya kuunganisha njia iliyokatika kwao ilichujwa miaka mingi. Miguu mizuri, mapafu mazuri, mwili mwepesi. Wanachokosa ni mti, hawakuwahi kuhitajika kuutangaza, na wengine wanavutwa na koyote (mbwa mwitu mdogo wa Amerika) na kulungu kuliko unavyotaka. Ukiwachanganya na Walker wa mti mwenye pua, kizazi cha kwanza mara nyingi kinatoka kizuri sana kwa bobkati. Tatizo linakuja kizazi cha pili, ukizalisha machotara kwa machotara watoto wanatawanyika, mmoja kaenda upande wa babu, mwingine wa bibi, tumbo la watoto nane linakupa mbwa wawili wa kazi. Kwa hiyo uliza hao watoto ni kizazi cha kwanza au cha ngapi, na kama ni mchanganyiko ulioshikiliwa muda mrefu na mtu mmoja anayewinda bobkati kwenye ardhi kavu, huyo mtu mpigie simu leo.

Black and Tan na Redbone, aina nyingine mbili za mbwa wa kunusa, sitawasemea sana, wanafaa, wapo wenye pua nzuri sana, ila familia za paka kwao ni chache na utatumia muda mwingi kuzitafuta.

Sasa hiyo tabia unaionaje kwa macho. Omba kwenda kuwinda na wazazi wa watoto, kwenye ardhi kama yako, sio theluji na sio bondeni kwenye unyevu. Usiangalie wanavyobweka wakati mambo yanakwenda, hapo kila mbwa mzuri. Subiri pale sauti zinapokatika ghafla. Tuseme paka kapita kwenye mwamba mpana, kafika ukingoni, kajirusha kwenye kichaka mita tatu chini. Mbwa wa kwanza anafika ukingoni akiwa bado anabweka, anaendelea kubweka mita mia mbili mbele ambako hakuna kitu, anadanganya, na wenzake wanamfuata. Wa pili ananyamaza palepale, anasimama, anazunguka anazunguka eneo dogo la chumba kimoja, ananusa jiwe lilelile mara kumi, hatoki. Wa tatu ananyamaza, anarudi hatua chache mpaka pale alipokuwa na uhakika mara ya mwisho, anapiga mzunguko wa mita ishirini, hapati, anapiga wa mita hamsini, kichwa kiko juu nusu, ananusa majani na matawi na sio ardhi peke yake, anashuka chini ya mwamba bila kuitwa, na dakika mbili baadae unamsikia tena kule bondeni. Huyo wa tatu. Dada yake, mama yake, chochote kilichotoka kwake, nunua. Wa pili ni wa puma, anafaa kwa kazi yake, na mmoja wa namna hiyo kundini atakusaidia kuanzisha njia za asubuhi. Wa kwanza hata akija na cheti cha dhahabu muache hapo.

Siku hizi kola za GPS zinakurahisishia, usitegemee maneno matupu ya muuzaji. Mwambie akuonyeshe mistari ya mbwa wake kwenye simu au kwenye kifaa baada ya uwindaji wa kweli. Pale harufu ilipokatika utaona mchoro, kuna fundo dogo lililobana, kuna mstari uliokwenda moja kwa moja kombo ukarudi, na kuna miduara inayopanuka kwa utaratibu afu mstari unaendelea. Pia ona nani alitoka wa kwanza kwenye kila fundo. Mbwa yuleyule akiwa wa kwanza mara nne kati ya tano, umempata unayemtafuta, hata kama muuzaji anakusifia mwingine mwenye sauti kubwa.

Na angalia ndugu wote wa tumbo moja, sio mbwa mmoja. Dume likiwa nyota wakati ndugu zake sita hakuna aliyefika popote, huyo nyota ni bahati, hatakurithisha. Dume la kawaida lenye ndugu watano wote wa kazi ni mali zaidi. Kwa majike nakaza zaidi, maana mama ndo anakaa na watoto wiki zao za kwanza, na wafugaji wengi wanapeleka jike lolote lililopo nyumbani kwa dume maarufu alafu wanauza jina la dume.

Kitu kingine cha huko kwako ni upande wa njia. Kwenye ardhi kavu harufu nzee haimwambii mbwa kirahisi paka kaenda wapi na mbwa wazuri kabisa wataburuza njia kinyumenyume, kwa hiyo jifunze kutafuta unyayo wewe mwenyewe kwenye vumbi la bondeni: wa bobkati ni sentimita 5 hivi, hauna alama za kucha, na kisigino nyuma kina mabonge matatu. Ukiupata unawageuza. Hii sio kazi ya damu, ni kazi yako.

Kuhusu javelina (mnyama wa jangwani anayefanana na nguruwe mdogo), koyote na kulungu, usinunue mtoto kwa mtu ambaye mbwa wake wanawafukuza, hata akikuambia ataacha akikua. Javelina ana meno ya kupasua mbwa tumbo. Na kwenye milima ya mpakani lolote linaweza kuwa juu ya mwamba, Machi 1996 mbwa wa Warner Glenn, mfugaji na mwindaji wa Arizona, waliokuwa kwenye uwindaji wa puma walimkwamisha jagwa (paka mkubwa mwenye madoa kama chui) kwenye milima ya Peloncillo, akampiga picha akawatoa mbwa, na Agosti mwaka huohuo mwindaji Jack Childs na wenzake wakakutana na mwingine kwenye milima ya Baboquivari. Jagwa na ocelot (paka mwitu mdogo mwenye madoa) wanalindwa na sheria ya nchi nzima, kwa hiyo mbwa asiyeitika anapoitwa ni hatari kwao na kwako, na utii nao uuangalie kwa wazazi. Ukifikiria kusafiri na mbwa, kumbuka jimbo la Washington walipiga marufuku mbwa kwa bobkati na puma kwa kura ya 1996, California nako bobkati kwa mbwa hairuhusiwi, Oregon kura ya 1994 iligusa puma na dubu. Soma kanuni za jimbo kabla ya kufungua mlango wa kreti.

Mwisho mbwa zako watatu. Usiwauze bado. Anza nao alfajiri na mapema, wakati ardhi ina ubaridi, uache jua likipanda, wafungulie mmoja mmoja ili asijifiche nyuma ya mwenzake, na wape msimu mzima. Ulisema yule jike mdogo ndo anayechelewa kurudi kwenye gari, wenzake wameshakata tamaa yeye bado yuko kule anazunguka. Huyo muwekee kola peke yake na uiangalie miduara yake. Ikiwa inapanuka, basi una nusu ya ukoo unaoutafuta tayari uani kwako, na pesa uliyotenga kununua mtoto ukalipie kumpandisha kwa dume la yule mtu wa machotara wa ardhi kavu. Ikiwa anazunguka palepale tu, nunua mtoto wa kike kutoka kwa jike la namna ya yule wa tatu, na huyu wako umuweke kama mwalimu wa kuanzisha njia.